Nani Aliamua Namba ya Simu ni Namba?

Ukilipa kitu mtandaoni kwa M-Pesa, duka halipokei pesa peke yake. Seva yake hupokea pia ujumbe mfupi wa maandishi unaosema nani amelipa, kiasi gani, saa ngapi, na namba ya risiti ni ipi. Ujumbe huo umeandikwa kwa mtindo unaoitwa JSON. Ukiuona utausoma vizuri tu, hata kama hujawahi kuandika programu maishani. Kuna mabano yaliyopinda kama masharubu, jina la kitu, nukta mbili, kisha thamani yake:

{"jina": "Achieng", "umri": 27, "mwanachama": true}

Wewe hapo umemwona mtu. Seva imeona herufi. Ili ifanye kazi yoyote ya maana, lazima iyageuze maandishi hayo kuwa kitu inachokifahamu: Mteja, Malipo, Oda. Waandishi wa programu huita kitu hicho objekti, na umbo lake, ambalo huandikwa mapema, huitwa klasi. Klasi ya Mteja inaweza kusema hivi: kila mteja ana jina, nalo ni maandishi, ana umri, nao ni namba nzima, ana simu, nayo ni... ngoja, hiyo tutaifikia.

Kazi ya kuchukua JSON na kuijaza ndani ya klasi kwa kawaida ni mstari mmoja wa msimbo. Mmoja tu. Watu huuandika mkono mmoja ukiwa na mahamri. Lakini ukiuchimba, utakuta ndani yake miaka kama arobaini ya watu kubishana kuhusu jinsi mashine mbili zinavyoweza kuelewana. Utakuta pia mahali ambapo, bila kelele, huamuliwa nani anatosha kuwa mteja na nani hatoshi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo historia hii sikuipata darasani. Nimeiokota kwenye hati za viwango, ambazo ziko bure mtandaoni na zinasomeka kuliko watu wanavyodhani.

Enzi ya kukubaliana kwanza

Kompyuta mbili si lazima zihifadhi kitu kwa njia moja. Hata namba nzima ya kawaida, mashine moja huanza na upande mkubwa wa namba, nyingine huanza na upande mdogo. Miaka ya 1980, watu walipotaka programu ya mashine hii iite kazi iliyo kwenye mashine ile, hicho kilikuwa kikwazo kimoja kikubwa. Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson wa Xerox PARC, California, walichapisha makala iliyoonyesha njia. Kila upande uwekewe kipande cha programu cha kufunga mzigo kabla haujatumwa, na kingine cha kuufungua ukifika. Mwandishi wa programu asihangaike. Aite kazi ya mbali kana kwamba iko hapo hapo mezani pake.

Mwaka 1987 kampuni ya Sun ikatoa waraka wa XDR, unaojulikana kama RFC 1014. XDR ilisema namba nzima itakaa kwenye baiti nne, upande mkubwa ukitangulia, basi. Baiti zenyewe hazikubeba jina wala aina. Aliyepokea alipaswa kujua tangu mwanzo kwamba baiti nne za kwanza ni umri na zinazofuata ni urefu wa jina. Kama hukujua, ulikuwa umepokea takataka.

Kwa hivyo mkataba ulitangulia ujumbe, na ulikaa nje ya ujumbe. Mwaka 1991 ikaja CORBA na lugha yake maalumu ya kuandikia mikataba kama hiyo. Uliandika mkataba mara moja, chombo kikausoma, kikazalisha klasi za pande zote mbili. Februari 1998 shirika la W3C likaidhinisha XML. Nyuma yake ikaja SOAP, ambayo toleo lake la 1.1 lilichapishwa Mei 2000, kisha WSDL. WSDL ilikuwa hati iliyoorodhesha kila kitu ambacho huduma inaweza kufanya na aina ya kila data inayoingia na kutoka.

Kwa karatasi, mambo yalikuwa safi. Unaielekeza programu yako kwenye WSDL, klasi zinatoka zimeiva. Kwa vitendo, ujumbe wa kusema "Achieng amelipa mia mbili" ulivalishwa koti, kofia, glavu na viatu vya mvua kabla haujatoka nje. Na upande mmoja ukibadilisha mkataba kidogo tu, upande wa pili ungeamka asubuhi mfumo umekufa.

Gereji, Aprili 2001

Douglas Crockford na Chip Morningstar walikuwa na kampuni iliyoitwa State Software, huko huko California. Walitaka ukurasa ulio wazi kwenye kivinjari uzungumze na seva bila kupakiwa upya. Vivinjari vilikuwa tayari vinaelewa JavaScript, na JavaScript ilikuwa na njia yake fupi ya kuandika objekti. Wakajiuliza: kwa nini tusitume data ikiwa imeandikwa hivyo hivyo?

Aprili 2001, kwenye gereji ya Morningstar, wakatuma ujumbe wa kwanza. Ukakwama. Ndani yake kulikuwa na jina "do", na JavaScript imelihifadhi neno hilo kwa kazi zake yenyewe. Wakaamua kila jina litiwe alama za kunukuu ili yaishe. Ndiyo maana mpaka leo JSON inadai alama hizo, hata pale ambapo JavaScript yenyewe haizidai. Ni sheria iliyozaliwa na ajali ya siku ya kwanza, na kila mwandishi wa programu duniani anaitii.

Crockford amekuwa akisema kwamba JSON hakuibuni, aliigundua. Ilikuwa tayari imelala ndani ya JavaScript. Jina la kwanza walilotaka ni JSML, wakakuta limeshachukuliwa na mradi mwingine wa mambo ya sauti. Kisha wateja wakagoma. Walisema hawawezi kutumia kitu ambacho si kiwango rasmi. Crockford akanunua anwani ya json.org, akaweka ukurasa mmoja, akatangaza kwamba sasa ni kiwango. Sarufi yake yote inatosha nyuma ya kadi ya biashara.

Inatosha kwa sababu ina vitu sita tu: maandishi, namba, kweli au uongo, null, orodha, na objekti. Na hiyo objekti ni kapu la majina na thamani. Haisemi mimi ni Mteja, wala haisemi mimi ni Malipo. JSON haina tarehe. Haina pesa. Haina hata nafasi ya maelezo ya pembeni. Crockford alieleza baadaye kwamba aliyaondoa kwa sababu aliona watu wameanza kuyatumia kuwapa maagizo wanaosoma ujumbe. Kila kitundu ambacho mkataba ungeweza kupenyea, alikiziba.

Februari 2005 Jesse James Garrett aliandika makala iliyozipa kurasa za aina hii jina: Ajax. Herufi ya mwisho ilisimamia XML, lakini waliokuja kuishi ndani ya hiyo nyumba ni JSON. Julai 2006 ikapata waraka rasmi, RFC 4627. Mwaka 2012 Twitter ilitoa toleo jipya la huduma yake kwa waandishi wa programu, na toleo hilo liliacha XML kabisa. Hapa kwetu, wasee waliounganisha maduka na M-Pesa zamani wanakumbuka SOAP na bahasha zake za XML. Mwaka 2017 ikaja Daraja, na Daraja inaongea JSON.

JSON ilishinda kwa sababu haikuuliza maswali. Hukuhitaji kukubaliana na mtu kabla ya kutuma. Unatuma tu.

Mkataba haukufa, ulihama

Haya, lakini maswali hayakuisha. Bado kuna mtu lazima aamue kama 27 ni umri au ni namba ya nyumba. Zamani pande mbili ziliamua pamoja kabla ya kuanza. Sasa anaamua anayepokea, peke yake, kila mara, na mara nyingi akiwa na haraka.

Mwanzoni hata hakuamua. Kwenye JavaScript, watu wengi walichukua maandishi yaliyotoka kwenye seva wakayakabidhi kwa amri ya eval, ambayo huyatekeleza kama programu. Chochote alichoandika mtumaji kilitendeka. Ni kama mgeni akupe karatasi mlangoni nawe ufanye yote yaliyoandikwa kabla hujamuuliza ametoka wapi. Lugha yenyewe ilipata njia salama ya kusoma JSON kwenye toleo la Desemba 2009.

Upande wa Java na C#, ambako kila kitu lazima kiwe na klasi, zikatokea maktaba za msimbo kama Jackson, Gson ya Google na Json.NET. Zote hufanya kazi kwa wazo moja. Zinaichungulia klasi yako ya Mteja, zinasoma majina ya sehemu zake, zinatafuta majina hayo hayo kwenye JSON, zinajaza. Wazo rahisi, halafu mambo yanachacha. Ujumbe ukiwa na jina ambalo klasi haina, tufanyeje? Gson huliruka kimya kimya. Jackson, kwa mipangilio iliyodumu nayo miaka mingi, hukataa ujumbe mzima. Ujumbe ni ule ule na klasi ni ile ile, lakini hapa umepita na pale umetupwa. Wewe mwenye jina lako ndani ya ujumbe huo huna habari.

Au chukua namba. JSON inasema "namba" bila kusema kubwa kiasi gani. JavaScript huweka kila namba ya kawaida kwenye nafasi isiyoweza kushika namba nzima zote bila kukosea baada ya 9,007,199,254,740,992. Mpe 9,007,199,254,740,993, atakurudishia ile iliyotangulia, na wala hatakuambia kuna kitu kimepotea. Mwaka 2010 Twitter ilipohamia namba ndefu zaidi za kutambulisha twiti, ilibidi itume kila namba mara mbili: mara moja kama namba, mara ya pili kama maandishi kwenye sehemu iliyoitwa id_str. Kampuni kubwa kiasi hicho ilikuwa inakiri kwamba kuna namba ambazo ni afadhali zisiwe namba.

Hatari nyingine ilikuwa ya kujaza kupita kiasi. Machi 2012 kijana anayeitwa Egor Homakov aligundua kwamba GitHub ilikuwa ikijaza objekti zake kwa chochote ambacho mtumiaji ametuma. Kwenye fomu ya ufunguo wake wa umma akachomeka sehemu moja ya ziada, namba ya mwenye akaunti, na mfumo ukaamini. Akapata ruhusa ya kuandika kwenye mradi wa Ruby on Rails, mradi ule ule ambao GitHub yenyewe ilijengwa juu yake. Fomu yake haikuwa JSON, lakini ugonjwa ni huo huo: klasi ilipokea kila kilichokuja kwa sababu majina yalilingana.

Kuna waliosema basi, turudishe aina ndani ya ujumbe, JSON yenyewe iseme "mimi ni klasi fulani." Maktaba kadhaa ziliruhusu hivyo. Mwaka 2017, kwenye mkutano wa Black Hat kule Las Vegas, Alvaro Muñoz na Oleksandr Mirosh walionyesha matokeo yake. Mshambulizi anaandika jina la klasi yenye nguvu za hatari, seva inamjengea kwa heshima zote, na klasi hiyo inaanza kutekeleza maagizo yake. Ukimruhusu mgeni ajichagulie cheo akiwa mlangoni, usishangae akijiita mwenye nyumba.

Tarakimu kumi na mbili

Sasa turudi kwenye simu. Malipo yakifaulu, ujumbe ambao Daraja humtumia mwenye duka hauna sehemu moja kwa moja iitwayo "kiasi." Una orodha, na kila kitu ndani ya orodha kina Name na Value: kiasi, namba ya risiti, tarehe, simu. Huwezi kuijaza kwenye klasi ya Malipo kwa mstari mmoja. Lazima uipitie orodha ukiuliza kila kimoja jina lake. Mteja akighairi, orodha hiyo haiji kabisa, na programu iliyozoea kuikuta huanguka hapo hapo.

Tarehe huja kama namba ya tarakimu kumi na nne, mwaka ukiwa mbele na sekunde nyuma. Simu nayo ni namba: 254 na tarakimu tisa nyuma yake. Mwandishi wa Java anayeanza ataona namba nzima, ataandika int. Int ya Java inaishia 2,147,483,647. Namba yako ya simu, ikisomwa kama hesabu, ni zaidi ya bilioni mia mbili hamsini na nne. Haiingii. Atakayeipokea kwa mtindo tunaoandika mtaani, ya kuanza na sifuri, naye ana shida nyingine: kwenye hesabu sifuri ya mbele haina maana, na JSON yenyewe hairuhusu namba nzima ianze nayo. Ama ujumbe utakataliwa, ama sifuri itapotea njiani.

Hapo ndipo swali la kichwa linaingia. Hakuna mtu anayejumlisha namba mbili za simu, wala kuzizidisha. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Tunaliita namba kwa mazoea ya mdomo, na mazoea hayo yakaingia kwenye klasi.

Mimi huandikia kampuni miongozo ya mifumo yao, kazi kwa kazi. Mwaka juzi kampuni moja hapa Nairobi, inayouza majiko ya gesi kwa mtindo wa lipa pole pole, ilinipa mwongozo wa kuandika. Wakanipa na faili ya maombi yaliyokataliwa na mfumo, majina na namba vikiwa vimefichwa nusu, ili nieleze makosa ya kawaida. Nilikaa nayo siku mbili. Makosa mengi hayakuwa ya waombaji.

Klasi ya Mteja ilitaka namba ya kitambulisho yenye tarakimu nane. Waombaji wengi waliokataliwa walikuwa na saba, kwa sababu walipata vitambulisho zamani, namba zikiwa bado fupi. Yaani ukiwa mzee, hukufaa. Simu ilitakiwa ianze na 07, wakati namba za 01 zimekuwa mikononi mwa Wakenya tangu 2019. Jina la pili lilikuwa la lazima, na kuna watu wana moja. Jina lilitakiwa kuwa na herufi tupu, kwa hivyo kila Ng'ang'a na kila Nyang'au aligonga ukuta kwa sababu ya kialama kidogo ambacho bila hicho jina linasomwa vingine kabisa.

Na wote hao waliona nini kwenye simu zao? "Samahani, jaribu tena baadaye." Wengine walijaribu tena mara tano, mara sita. Unaona saa zikiwa zimepangwa kwenye faili, asubuhi, mchana, usiku, siku ya pili. Hakuna aliyewaambia kwamba baadaye hakutabadilisha kitu, kwamba shida ni umri wa kitambulisho chao.

Niliuliza nani aliandika sheria ya tarakimu nane. Jamaa aliyekuwa akinionyesha mfumo akacheka. "Buda, ilikuwa hapo tukikuja." Aliyeiandika alishahama kampuni. Naamini alitazama kitambulisho chake mwenyewe, akahesabu, akaandika nane, akaendelea na kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema JSON ni rahisi. Kutuma ni rahisi. Ule ugumu wa kukubaliana, ambao enzi za WSDL ulikaa mezani kwa watu wote kuuona, sasa umekaa ndani ya klasi ya mtu mmoja, na anayeathirika hawezi kuisoma. Siitamani SOAP, tafadhali. Lakini WSDL ilikuwa na kitu kimoja: mkataba ulikuwa umeandikwa mahali pa wazi, na mtu wa nje angeweza kuunyoshea kidole na kusema, hapa mmekosea.

Kuna waliokwisha kuliona hilo. JSON Schema na OpenAPI ni njia za kuandika mkataba tena, wa wazi, kando ya ujumbe. Na waandishi wazuri niliowahi kusoma msimbo wao hawaijazi klasi yao ya kweli moja kwa moja. Wana klasi ya kilichofika, iliyolegea, inayopokea kila kitu kama maandishi. Kisha wana klasi ya wanachokiamini, iliyokaza. Katikati ya hizo mbili kuna msimbo unaosema kwa maneno kwa nini kitu kimekataliwa, na kumrudishia sababu hiyo mtu aliyetuma. Ni mistari thelathini badala ya mmoja.

Kwenye mwongozo wa ile kampuni niliandika kila sheria ya klasi ya Mteja kwa Kiswahili cha kawaida, moja moja, ikiwa na idadi ya maombi iliyoyakataa kwenye ile faili. Ukurasa mmoja tu. Meneja wa mauzo, ambaye hajui Java hata kidogo, aliusoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye tarakimu nane akauliza, "Kwa hivyo mamangu hawezi kununua jiko letu?"

Wiki hiyo sheria ya tarakimu nane ilitolewa. Ya kialama cha Ng'ang'a, mara ya mwisho nilipoangalia, ilikuwa bado.